Dirisha la Shibiri Tano

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usipambe.

Baba yangu alifariki mwaka ule bandari ya Mtwara ilipokuwa ikijengwa. Nyumba yetu ilikuwa Mtawanya, kando ya njia, na njia hiyo ilikuwa imeanza kupitiwa na malori ya vibarua tangu alfajiri. Mama aliingia eda katika chumba cha mbele. Kwa miezi minne na siku kumi hakupaswa kuonwa na mwanamume asiye maharimu wake. Naye alikuwa na pumu.

Wiki ya pili dirisha la chumba hicho liling'oka. Mchwa walikuwa wameila fremu, ikabaki ganda. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuja na mbao za masanduku na misumari.

"Tunaziba," alisema. "Eda ni sitara."

Alipoziba, mama hakuweza tena kulala. Alikesha ameketi, mgongo ukutani, akivuta pumzi kwa shida. Siku ya tatu alimwita mjomba.

"Kaka, mimi nimefiwa. Sijazikwa."

Mjomba hakunizuia nilipokwenda Mikindani kwa fundi seremala. Fundi alikuwa na kazi nyingi za nyumba za bandarini, hakuweza kuja. Alinionyesha madirisha ya aina mbili. La kwanza lilikuwa la kioo.

"Hili, bibie, wewe utaona nje, na nje watakuona wewe."

La pili halikuwa na kioo. Lilikuwa na mbao nyembamba zilizopangwa kwa mshazari, moja juu ya nyingine, zikiinamia nje. Niliweka kiganja nyuma yake nikahisi upepo. Nikachagua hilo.

"Vipimo?"

Nilikuwa nimepima tundu kwa kutanua vidole kabla ya kutoka nyumbani. "Shibiri tano kwa nne."

"Tano kwa nne," alirudia, akaandika kwa penseli juu ya ubao. Mimi sikuwahi kukaa darasani, na nilipoona maneno yangu yameandikwa niliamini kwamba yamekuwa sahihi.

Siku tisa baadaye niliifuata fremu, nikaileta juu ya gari la mkaa. Tulipoisimamisha ukutani ilizidi tundu pande zote. Nilirudi Mikindani kwa miguu, nina hasira.

"Fundi, ulipimia mkono wa nani?"

Alinyoosha vidole vyake. Kiganja chake kingeweza kufunika sahani. "Wangu. Wewe wako hukuniachia."

Kosa lilikuwa langu. Kipande cha kamba kingetosha, nami nilijivunia vidole. Fremu ile haikuweza kukatwa bila mbao zake kulegea, na kutengeneza nyingine kungechukua mwezi, alisema, kwa kuwa kazi za bandarini zilikuwa zimezidi; na mama asingeufikisha mwezi huo akikesha ameketi. Nilipowaeleza nyumbani, mjomba alisema hiyo ni ishara kwamba mbao za masanduku zibaki.

Mama alisikia kutoka chumbani. "Kama dirisha halipungui, ukuta utapungua. Leta panga."

Ukuta ulikuwa wa fito na udongo. Tulining'iniza shuka upande wa njia, tukakata, mimi na yeye. Yeye alikuwa akipumzika kila mara. Juu hatukugusa, kwa kuwa boriti ilikuwa karibu. Tulipanua ubavu huu na huu, kisha tukashusha tundu chini, hadi karibu na kitanda. Fremu ikaingia, tukaikandika kwa udongo.

Mjomba hakuridhika. Alikwenda njiani, akasimama mbele ya dirisha, akainama, akachungulia.

"Unaona nini?" nilimuuliza.

"Naona makuti ya paa tu." Alisogea kulia, akasogea kushoto. "Makuti."

Mama alikuwa amejilaza kitandani, uso kwenye zile mbao. "Kaka," alisema, "upindo wa kanzu yako umefumuka. Na kiatu cha kushoto umevaa cha mtu mwingine."

Mjomba alitazama miguu yake. Kwa kweli alikuwa amebadilisha kiatu msikitini bila kujua. Aliondoka kwenda kukirudisha, na tangu siku hiyo habari ya masanduku haikutajwa.

Alasiri ile mama alilala akiwa amenyoosha miguu. Nilikaa mlangoni nikisikiliza pumzi yake mpaka adhana ya magharibi, ndipo nikamwamsha. Eda yake aliimaliza katika chumba hicho bila kuonwa, naye akijua kila mpita njia kwa miguu yake.

Ukipima kitu, mjukuu wangu, chukua kamba.