Kabati la Vitabu la Mwanangu wa Kwanza

Mimi nina mkono mwepesi. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanihurumia bure. Nimewahi kupiga mtu kwa kandambili, kwa mwiko, na mara moja, pale mwaloni kwenye soko la samaki, kwa sato mzima ambaye bado alikuwa anatweta. Lakini ugomvi nilioingia kwa hamu kuliko wote ulikuwa wa vitabu vya mtoto, nikiwa na mimba ya miezi minane, tumbo limenitangulia.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Ruksa ya biashara huria ilikuwa imeingia kila kona, na ile ofisi ya pamba nilikokuwa mpiga chapa ilikuwa imetupunguza nusu yetu kwa barua moja. Mume wangu, mtu wa Bukoba, bado alikuwa na kazi yake bandarini, na tulipanga vyumba viwili Buzuruga. Nilishinda nyumbani nikiwaza jambo moja tu: mtoto wangu atazaliwa kwenye nyumba yenye vitabu vyake mwenyewe. Siyo vya shule vyenye muhuri wa kuazima. Wenzangu wenye mimba walikuwa wanatafuta beseni na kanga, mimi natafuta vitabu. Walinicheka, nikawaacha wacheke.

Sababu ilikuwa baba yangu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Buhongwa, na kwetu vitabu vilikuwepo, tena vingi kuliko nyumba yoyote ya jirani. Vilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake, kila kimoja kimevalishwa karatasi ya mfuko wa saruji. Tulivisoma Jumapili baada ya kanisa, tumenawa mikono hadi kwenye viwiko, naye amekaa mbele yetu na fimbo ya mpera imelala magotini. Ukikunja kona ya ukurasa, ulichapwa. Ukiacha alama ya kidole, ulichapwa vile vile. Siku moja mdogo wangu wa kike, ana miaka mitano tu, alipiga chafya na ukurasa ukachanika mkononi mwake. Baba alivilaza vidole vyake juu ya kizingiti cha mlango, akavipiga kwa ubavu wa rula ya mbao mpaka kucha mbili zikang'oka. Mama alimpaka mafuta ya ng'ombe. Jioni ile ile baba alikaa na sindano na uzi akakishona kitabu, taratibu, kwa upole ambao sisi watoto wake hakuwahi kutuonyesha.

Nilimchukia kwa ajili ya ule upole. Nikaapa kwamba mtoto wangu atasoma bila kupigwa. Niliapa kwa dhati kabisa, na ndiyo maana naona aibu kuandika yaliyofuata.

Madukani, vitabu vya watoto wachanga havikuwepo. Duka la vitabu mjini lilikuwa na vya shule na vya dini, basi. Vya watoto vilikuja na mitumba. Muuzaji mmoja wa pale sokoni alinidokeza kwamba belo za mchanganyiko, zile zenye midoli na mikoba na viatu vya mguu mmoja, huwa na vitabu vya karatasi ngumu katikati, na kwamba Jumanne asubuhi angefungua moja. Nilifika kabla jua halijakaza, nikakuta wanawake wameizunguka ile belo, kila mmoja amejifunga kanga kiunoni. Muuzaji alipokata mkanda wa mwisho kwa kisu, hakuna aliyesubiri kukaribishwa. Niliingia kwa viwiko. Mtu alinikanyaga, mwingine alivuta kilemba changu kikabaki mkononi mwake. Nikaona kitabu kinene chenye picha ya ng'ombe, kipya kabisa, nikakidaka, na mwanamke mmoja mnene mwenye pengo akakidaka upande wa pili.

Akavuta, nikavuta. Alinitazama tumbo akaniambia nimwachie kabla sijajifungulia pale pale. Nikampiga kichwa. Sikupanga, kichwa kilikwenda chenyewe, nikasikia pua yake inavunjika na damu ikachuruzika juu ya midoli. Naye hakuwa mtu wa kuonewa: alinikamata sikio, akang'oa hereni pamoja na nyama yake, na hadi leo ndewe yangu ya kushoto imegawanyika. Wanaume waliokuwa wanauza viatu ndio waliotuachanisha, huku wakicheka. Kitabu kilibaki kwangu.

Baada ya hapo muuzaji aliniwekea kigoda, nadhani kwa kuogopa nisimzalie mbele ya wateja, nikachagua kwa raha zangu. Nimeshika sikio kwa pindo la kanga, mkono mwingine unachambua. Vitabu vilikuwa vingi kuliko nilivyotegemea, lakini karibu vyote vilikuwa vimetafunwa. Pembe zilikuwa zimelainika, zina alama za meno madogo, na kurasa nyingine zimeshikana kwa mate yaliyokauka huko vilikotoka. Nilivitupa pembeni kimoja kimoja, nikiyasikitikia malezi ya Wazungu.

"Mama, hivyo vilivyotafunwa ndivyo watoto walivyovipenda," muuzaji akaniambia.

Nikamjibu kwamba yeye auze nguo, mambo ya vitabu aniachie mimi binti wa mwalimu. Nikachagua tisa, pamoja na kile cha ng'ombe, visivyo na alama hata moja, yaani vile ambavyo hakuna mtoto aliyewahi kuvitaka. Hilo sikuliona siku ile.

Mume wangu aliongeza cha kumi, kitabu chembamba cha Kiswahili cha hadithi za wanyama, cha karatasi laini, kwa sababu hakutaka mwanawe ajifunze ng'ombe kwa lugha ya watu. Vyote kumi nikavivalisha karatasi ya mfuko wa saruji. Aliponiona nafunika majalada, ambayo ndiyo yalikuwa na picha nzuri kuliko zote, aliuliza kama vinakwenda shule. Kwao Bukoba vitabu vilikuwa vinatupwa mkekani pamoja na watoto na maharage ya kuchambua, na bado kwao wametoka manesi na mapadri. Nilimwambia hakulelewa kwetu. Fundi seremala akatutengenezea kabati dogo la mninga, lenye kufuli, na ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Mtoto akazaliwa, wa kiume, mzima, mwenye sauti ya kufukuza kunguru. Kila Jumapili nilifungua kabati, nikamwonyesha picha mbili tatu kwa mbali, nikafunga.

Alipofikisha miezi minane, baba alikuja kumwona. Alikuja kwa baiskeli yake, koti amelifunga vifungo vyote, nikapiga magoti nikamwamkia. Kabla hata ya kumpokea mtoto aliliona kabati. Alilishika kufuli, akalivuta kidogo kupima kama linashika kweli, kisha akatabasamu. Sikumbuki kama niliwahi kumfanya baba yangu atabasamu kabla ya siku ile, na furaha niliyoipata ilinipumbaza kabisa. Nilifungua ili aone vilivyomo. Akavitoa kimoja kimoja, akavigeuza, akaniambia nimefunika vizuri.

Ni mume wangu aliyeharibu, au ndivyo nilivyosema kwa miaka mingi. Alisema mtoto naye apewe ashike, babu yake aone. Akachukua kile kitabu chembamba akakiweka mkekani mbele ya mtoto. Mtoto alikikamata kwa mikono yote miwili, akacheka, akavuta. Ukurasa ulitoka mzima, kwa sauti ambayo mimi niliifahamu tangu nikiwa mdogo. Akautia mdomoni.

Baba hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi, akaniuliza kwa sauti yake ya chini, ile ya darasani:

"Na wewe unaangalia tu?"

Nilimpiga mwanangu. Nilimpiga mkononi kwa nguvu, na mkono wenyewe ulikuwa mdogo mno, kofi langu likamfika hadi kwenye kiwiko. Hakulia mara moja. Alishikilia pumzi, macho yamemtoka, ananitazama mimi, midomo ikageuka rangi, halafu ndipo kilio kikatoka. Baba aliokota ule ukurasa, akaupangusa mate kwa leso yake, akaurudisha mahali pake ndani ya kitabu.

"Sasa umekuwa mama," alisema.

Mume wangu alimbeba mtoto akatoka naye, hakurudi ndani mpaka mgeni alipoondoka. Aliporudi aliniambia kwamba nimempiga mtoto ili kumfurahisha mzee. Alilisema polepole, bila hasira, na huo utulivu ndio ulionipandisha mori. Birika la chai lilikuwa karibu, nikamrushia. Lilimpata juu ya jicho, akaenda kushonwa nyuzi nne, wala hakunirudishia. Alipotoka hospitali, uso umevimba, aliniomba jambo moja tu, kwamba nimwache mtoto achane, vitabu vingine vitapatikana. Nikamwambia hajui uchungu wa kitabu.

Kofi lile la kwanza lilikuwa la baba yangu. La pili lilikuwa langu mwenyewe. Lilikuja wiki iliyofuata, mtoto alipotia kona ya kitabu mdomoni, na halikunisumbua sana. La tatu halikunisumbua kabisa. Akinyoosha mkono vibaya nilimpiga, akinyoosha vizuri nilimsifu, na aliyejua tofauti ya vibaya na vizuri ni mimi peke yangu. Siku moja nilimpiga kwa kitabu chenyewe, ubavu wake mgumu, akapasuka mdomo. Damu ilidondoka kwenye ukurasa. Nilipangusa ukurasa kwanza, ndipo nikampangusa yeye. Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi nikaifuta, safari hii naiacha.

Alipofika mwaka na nusu alikuwa haharibu kitu. Majirani walikuja kumtazama mtoto anayekaa mbele ya kitabu mikono ameiweka mgongoni, kimya, anatazama picha kama mtu mzima. Baba alikuja tena, akamwona, akasema huyu ana adabu, atakuwa msomi. Nilivimba kichwa. Nilianza kuwafundisha wanawake wenzangu pale bombani namna ya kumlea mtoto apende vitabu, nao wakanisikiliza. Mume wangu aliacha kabisa kuzungumza habari za kabati. Alikuwa anamchukua mwanawe anakwenda naye kutazama meli, wanarudi wamechafuka matope, wanacheka mpaka mlangoni, kisha wananyamaza.

Mtoto alikuwa anakaribia miaka mitatu nilipompa kitabu cha magari. Ilikuwa asubuhi, niko peke yangu naye, sina hasira na mtu. Nilimwekea kitabu mapajani nikakifungua ukurasa wa kwanza, wenye lori, nikaenda uani kuchambua dagaa. Walikuwa wengi, dagaa wa kulisha nyumba siku mbili, kwa hiyo nilichukua muda. Niliporudi alikuwa bado anatazama lile lile lori. Nikamuuliza mbona haendelei.

"Mama, nifunulie," akasema.

Nilimwambia ana mikono, afunue mwenyewe. Nilisema vizuri tu, hata nikachuchumaa mbele yake ili aone kwamba sina neno. Alinitazama, akautazama mkono wangu, akanitazama tena. Kisha akatoa mkono mmoja mgongoni, akashika kona ya ukurasa kwa ncha za vidole viwili. Akageuza uso pembeni, akafumba macho kwa nguvu, akafunua. Hakutazama kilichokuwapo ukurasa wa pili. Alibaki vile vile, macho ameyafumba, mkono ameuacha juu ya kitabu, ananisubiri.