Majina Niliyokosa Nafasi ya Kuyasikia

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Hasira juu yangu mwenyewe kwanza, kisha juu yenu mnaojisifu kwamba hamna nafasi.

Ulikuwa wakati wa Mdachi, reli ilipokuwa inaingia Dodoma. Nilikuwa kijana wa Kigogo mwenye Kiswahili kizuri na Kijerumani cha kuombea maji, basi nikawa mkalimani wa mpima njia kule Makole. Kazi hiyo ingenitosha. Lakini akida aliponitaka nimtafsirie mashauri yake, niliitika. Misheni waliponitaka nifundishe watu kusoma, niliitika. Wakwe zangu waliponitaka nikawalimie uwele, nao nikawaitikia. Njia mbili zilimshinda fisi. Mimi nilishika nne, tena nikitembea kifua mbele kwa kuwa jina langu liliitwa kila upande.

Baba yangu aliishi Ipagala, mwendo wa saa moja tu. Macho yake yalikuwa yamekwisha. Mara tatu alinitumia salamu: nije aniachie majina ya wazee wetu, yale tunayoyataja makaburini tunapoomba mvua. Nilikuwa mwanawe wa kwanza, na majina yale hakuachiwa mwingine. Mara zote tatu nilijibu, kesho.

Mwishowe nilikwenda, mchana mmoja, kati ya shauri la akida na darasa la misheni. Nilimkuta ameketi juu ya ngozi ya ng'ombe mlangoni mwa tembe. Nikamwamkia, nikachutama. Akapapasa mguu wangu, akakuta sijavua viatu.

"Umekuja, au unapita?"

Nikasema nimekuja, ila watu wananingoja.

"Basi nenda. Majina ya baba zako siyasemi kwa mtu aliyechutama. Ukipata siku nzima, rudi."

Unajua nilihisi nini? Nafuu. Nilishukuru kwamba nitawahi darasa. Hilo huniuma kuliko yote.

Siku ya nne akafariki. Habari zilinikuta natafsiri ugomvi juu ya mbwa wa Mdachi aliyewaibia vibarua nyama yao. Mbwa, mwanangu. Na nilitafsiri mpaka mwisho ndipo nikaondoka.

Mwaka ule mvua iligoma. Uwele ukanyauka ungali wa magotini. Ukoo ulikusanyika makaburini, wakanisukuma mbele. Nikamtaja babu, nikamtaja baba yake, majina yakaniishia. Shangazi, dada yake baba, akanitazama mbele ya watu wote.

"Kinywa hiki kinajua maneno ya kila mtu," alisema. "Ya kwao hakiyajui."

Nilikwenda misheni nikapiga magoti, nikidhani huko nitapata la kusema. Nilijikuta nangoja mtu aseme kwanza ili nitafsiri.

Nikaiacha kazi ya reli. Mkalimani mwingine alipatikana kabla juma halijaisha. Wote wale niliodhani hawawezi bila mimi, waliweza.

Sasa nawaona ninyi. Asubuhi kikao, mchana kamati, jioni kwaya, na mama anapozungumza mnatazama saa. Mkiulizwa hali mnajibu, "Nina mambo mengi," kama mtu anayetangaza cheo. Nani aliwadanganya kwamba kuchoka ni heshima? Mwili unazunguka mji mzima, roho imeachwa nyumbani bila mtu wa kuisemesha, halafu mnashangaa kwamba sala zenu ni kavu.

Nakuusia: jifunze kukataa. Kataa mapema, kwa adabu, hata jambo jema, maana mimi sikuangushwa na maovu. Niliangushwa na mema mengi mno. Chagua wachache, uwape mwili na moyo kwa pamoja. Wazazi wakikuita, acha yote. Na kila juma tenga siku usiyomwahidi mtu yeyote, ili ukimwendea Mungu akukute umo ndani yako.

Nenda salama. Akujalie umri mrefu na moyo uliotulia, na watoto wako wasilazimike kukuita mara mbili.