Mwongozo Niliouandika kwa Reli na Nyota

Siku ya kwanza nilipoingia ofisi ya mradi pale Utende, nilidhani nimeajiriwa kupiga chapa barua. Gervas, fundi wetu wa programu kutoka bara, aliniamkia shikamoo, akanivutia kiti. “Bi Zuhura, mimi natengeneza programu ya kuandikisha samaki wanaovuliwa kisiwani kote, kuanzia hapa Ghuba ya Chole. Wewe utaandika mwongozo wake.” Nikamuuliza, hiyo nayo ni kazi ya mtu mzima? Akacheka. Ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu, na sijuti hata chembe.

Ninyi vijana mmezoea kubofya kitufe, maandishi yakanenepa. Sisi tuliandika maandishi matupu, kwa alama za kibodi tu. Ukitaka kichwa cha habari unatanguliza alama ya reli, hiyo hiyo mnayobonyeza mkiangalia salio la simu. Kichwa kidogo, reli mbili. Neno la kutilia mkazo unalizungushia nyota. Baadaye programu nyingine inazisoma alama hizo na kutoa kurasa safi. Faili lenyewe ni jepesi, linafunguka kwenye kompyuta yoyote, na linakaa folda moja na programu, kwa hiyo Gervas akibadili kitu leo, nami nabadili mstari wangu leo. Kuna siku alihamisha kitufe kimya kimya. Nilimfuata mpaka kwenye chai yake.

Kutoka Utende nilipelekwa Kanga, kisha Bweni, na barabara ya Bweni ilitutoa roho. Kila kituo niliwapa makarani wanaoandikisha samaki mwongozo wausome, na palipowakwaza nikapaandika upya.

Mkuu wa Mradi hakuupenda. “Bi Zuhura, hizi reli reli ni za nini? Wageni watasema hatujui kuandika. Tumia programu ya ofisi, upendeze.”

“Mkuu, ukipendeza halafu usifunguke, utatusaidia nini?”

Nikaendelea na reli zangu.

Ikaja siku Gervas akahamishiwa bara. Mkuu akatuita, akasema fundi akiondoka na programu iondoke, maana hakuna mwingine anayeiweza, turudi kwenye makaratasi. Jamani, roho iliniuma. Miaka yangu yote ya kazi ilikuwa mle ndani. Nikamwambia, “Mkuu, chagua mtu yeyote aiweke upya kwa kusoma mwongozo peke yake. Akishindwa, ifungeni.”

“Nitaiweka mwenyewe,” akasema. “Ila wewe usitie neno.”

Hiyo ilikuwa desturi yetu tangu zamani: mwongozo ukijaribiwa, aliyeuandika ananyamaza, kwa sababu msomaji wa kesho hatakuwa naye pembeni. Na mimi domo langu mnalijua.

Tukakaa mbele ya kompyuta mpya, haina hata hiyo programu ya ofisi aliyokuwa akiisifia. Faili likafunguka na reli zake zote nje. Mkuu akakunja uso, akaanza kusoma kwa sauti. Reli moja, Kuweka Programu. Reli mbili, Kabla Hujaanza. Akaandika amri ya kwanza, kompyuta ikatii. Ya pili, ikatii. Ya tatu ikakataa, skrini ikajaa maneno mekundu. Nilibana midomo mpaka ikafa ganzi.

Akashika kiti kama anataka kuinuka. Kisha akaanza kushusha kidole kwenye skrini, akizifuata zile reli mbili mbili, mpaka akafika palipoandikwa Ikikataa. Akasoma. Kumbe alikosea neno la siri. Akaliandika upya, akaendelea hatua kwa hatua, na muda si mrefu taarifa za samaki wa Kanga na Bweni zikajitokeza moja moja.

“Imekubali,” alisema kwa sauti ya chini.

Nikafungua mdomo nimweleze hatua inayofuata. Akaninyooshea kiganja bila kunitazama, macho yake yakiwa kwenye mwongozo.

“Bi Zuhura, nenda nyumbani ukapumzike. Hapa hatukuhitaji.”

Sijasifiwa hivyo tangu nizaliwe. Nilitoka pale nacheka peke yangu njiani, na hakuna aliyetaja tena kurudi kwenye makaratasi.

Wastaafu wenzangu wanalalamika kwamba ofisi zimewasahau, hazipigi hata simu. Programu yetu inafanya kazi mpaka leo, inaendeshwa na makarani wasioijua hata sura yangu. Tangu nistaafu, hakuna hata mmoja aliyenipigia kuniuliza kitu, na mimi natembea kifua mbele.