Nyasi za Simbilisi wa Atieno

Tarehe tisa mwezi wa sita tulimpoteza dada yangu Atieno. Sisi wa kwao tulikwenda Kosele, nyumbani kwa mumewe, na fahali mmoja wa matanga. Kwa kuwa fahali alifika siku mbili kabla ya maziko, ilibidi nimtafutie chakula, nikanunua robota moja la nyasi kavu. Nilipokata kamba, harufu ilinipanda puani, tamu kidogo, kama majani ya chai yaliyosahauliwa juani. Nikakaa chini palepale. Watu walidhani nimezidiwa na msiba. Ni kweli nilizidiwa, ila hawakujua nililokuwa nakumbuka. Nitawaambia ninyi.

Kwetu ni nje ya Migori, kando ya barabara ya Kehancha. Nilikuwa na miaka tisa, Atieno kumi na tatu, mjomba wetu alipotuletea simbilisi watano ndani ya kikapu, kutoka upande wa Tanzania alikokuwa akifanya biashara. Kama hujawahi kumwona simbilisi, ni mnyama mdogo asiye na mkia, mnene kama kiazi kitamu, na meno kama ya sungura. Majirani walimwita oyieyo, yaani panya, nasi tukachekwa njia nzima ya kwenda kisimani. Atieno hakujali. Asubuhi aliposhika nyasi tu, kabla hata hajafungua kizimba, wote watano walipiga mluzi. Mwaka ule niliamshwa na mluzi wa simbilisi, si na jogoo.

Baba aliwaruhusu kwa sharti moja. "Wakifa kwa uzembe, waliobaki wanarudi kwa mjomba wenu." Baba hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili.

Kisha jua la Januari likaja. Ng'ombe walimaliza kila kilichokuwa kibichi, hadi mipakani mwa mashamba. Atieno aliuza kuku wake wa pekee, tukachukua baiskeli ya Baba, tukaenda Kehancha siku ya soko. Aliyeuza nyasi alikuwa mzee mmoja Mkuria, Mzee Chacha, ameketi juu ya marobota yake kama chifu.

"Mna ng'ombe wangapi?" akauliza.

"Si ng'ombe, mzee. Ni simbilisi."

"Ndio nini hao?"

Mama aliyekuwa akiuza mihogo pembeni akamjibu kabla yetu. "Panya hao! Watu wa Migori wameshiba, sasa wanalisha panya!"

"Mama," Atieno akasema kwa adabu zote, "panya wako wanakula mihogo yako bure. Wangu nawanunulia chakula."

Soko lile lilicheka, na mama mwenyewe akacheka kuliko wote. Lakini Atieno alikuwa ameshaanza kazi. Aliingiza mkono katikati ya robota mpaka kwenye kiwiko, akasikilizia kama kuna joto, kwa maana nyasi zilizofungwa na unyevu huchemka ndani kwa ndani. Akachomoa konzi moja, akanusa. Robota la kwanza alilikataa, la pili pia, ingawa lilikuwa na rangi nzuri ya kijani. "Macho hununua rangi," aliniambia, "pua hununua chakula." La tatu akalikubali. Mzee Chacha akatikisa kichwa, akasema huyu msichana ataolewa kwa ng'ombe wengi, maana hadanganyiki.

Tulilifunga kwenye baiskeli, tukaisukuma mpaka nyumbani. Atieno alikuwa amechoka, na maji hayakuwapo, kwa hiyo alishika mtungi akaniachia kazi iliyobaki. "Fungua kamba, upandishe nyasi darini jikoni, kidogo kidogo. Usizishindilie. Moshi utafukuza wadudu."

Dari ilikuwa juu na ngazi ilikuwa mbovu. Uwanjani wenzangu walikuwa wameanza mpira. Na hatua ishirini tu kutoka hapo lilisimama banda la Baba la kukaushia tumbaku, tupu, kwa kuwa msimu ulikuwa umekwisha. Nilijiona mwerevu kuliko dada yangu. Kama banda hili hukausha majani ya tumbaku hata yakalia mkononi kama karatasi, litashindwaje kutunza nyasi zilizokwisha kukauka? Nikazimwaga sakafuni, juu ya vumbi la tumbaku na vipande vya majani, nikafunga mlango, nikakimbilia mpira.

Kwa kuwa kulisha kulikuwa zamu yangu wiki ile, kila asubuhi nilichota nyasi bandani. Siku ya kwanza simbilisi walinusa wakageuka. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu njaa iliwashinda, wakala. Asubuhi ya nne nilitikisa nyasi, na mluzi uliotoka ulikuwa mdogo. Wawili walikuwa wamelala ubavu, miguu imenyooka.

Atieno alikuja. Aliokota nyasi zilizobaki kizimbani, akanusa. Kisha akanishika mikono yote miwili, akavinusa viganja, kimoja baada ya kingine, akaviachilia.

Jioni Baba aliuliza ni nani mzembe.

"Ni mimi, Baba," Atieno akasema. "Nyasi nilizichagua mimi."

"Na pua yako ile ilikuwa wapi?"

"Ilikosea."

Baba akasema waliobaki wakae, kwa kuwa mkosaji amejitaja, lakini safari ya Homa Bay kwa shangazi likizo ya Aprili imekufa. Tangu Krismasi Atieno alikuwa hazungumzi lingine ila safari ile. Aliitika tu, "Ndiyo, Baba." Kesho yake alizitupa zile nyasi, akaazima ngazi kwa jirani, akatafuta nyingine, akanisimamia nikizipandisha darini. "Nawa mikono kwanza," alisema. Nilidhani ni mambo ya usafi.

Miaka mingi niliamini nilikuwa nimemficha. Nilikuwa nimeshaoa, nafanya kibarua kwenye shamba la tumbaku, siku moja mke wangu aliposukuma mkono wangu mbali na sahani. "Umenawa mara mbili na bado unanuka tumbaku," akasema. Ndipo nikaelewa kwamba pua ya Atieno haikukosea siku ile, wala siku nyingine yoyote. Tulizungumza kwa simu kila Jumapili baada ya hapo, na sikulitaja.

Siku ya maziko, ilipofika zamu yetu ya kusema juu ya marehemu, nilisimama mbele ya watoto wake na nikasimulia yote, bila kupunguza. Nilisema ni mimi niliyewaua wale wawili.

Baba, aliyekuwa ameketi mstari wa mbele na fimbo yake, kofia magotini, akainua kichwa.

"Kaa chini, Ochieng. Lile banda nililifagia mwenyewe mwezi wa tano mwaka uleule. Nilikuta mabaki ya nyasi sakafuni."

"Mbona hukusema, Baba?"

"Nilimwita dada yako, nikamwonyesha. Akaniomba ninyamaze."

Akavaa kofia yake, tukaenda kaburini.