Mkono wa Kushoto wa Dereva

Ilikuwa mwaka wa sabini na tisa. Hapana, nadanganya, sabini na tisa nilikuwa bado nashona mikoba kwa yule bwana wa sokoni. Hii itakuwa themanini na moja, maana kibanda changu cha viatu kilikuwa kimekwisha kuhamia ukutani pa gereji, na lori ninalotaka kulisimulia lilikuwa likipita mbele ya magoti yangu kila asubuhi. Mwaka si hoja sana. Ninayetaka kumwandika ni mwanamke mmoja tuliyekuwa tukimwita Bi Rivasi.

Alikuwa mke wa dereva wa lori la mchanga, rafiki yangu. Mwenyewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, hodari wa vifungo na mwepesi wa ulimi. Mumewe alimfundisha kuendesha siku za Jumapili kwenye uwanja wa mpira, na yule bwana alikuwa na mambo yake: alianza kwa kumfundisha kurudi nyuma. Alisema mtu akishaweza kurudi nyuma, kwenda mbele atajifunza mwenyewe njiani. Basi watu wakamwona mama mzima akizunguka goli kinyumenyume, shingo imepinda kama bata anayejikuna mgongo, na jina likamganda. Hakulikasirikia. Alisema wapo wanaorudi nyuma maisha yao yote na hawajapewa jina.

Kisha yule dereva akapooza. Aliamka asubuhi moja upande wote wa kulia umekufa, na ulimi umemlalia mdomoni. Alikuwa akisikia na kuelewa kila kitu, daktari alituambia hivyo, ila neno halikutoka. Mkewe akafunika cherehani, akapanda kwenye lori. Hapo ndipo mashaka yalipoanza.

Lori lilikuwa la zamani, la petroli, la kabureta. Likiwashwa likiwa limesimama, lilinguruma vizuri. Likishika mwendo halikuwa na neno. Lakini Bi Rivasi akikanyaga mafuta ili aondoke, au ili apande mlima, lilishtuka, likasita, likakohoa kama mtu aliyepaliwa na maji, ndipo lipate nguvu. Mzigo ukiwa mzito lilizima kabisa. Siku moja lilimzimikia katikati ya njia panda, na basi la abiria likasimama limebakiza nafasi ya kupitisha kiganja. Kondakta akamtukana. Yeye akamjibu kwamba akimaliza kutukana ashuke asukume. Na kondakta akashuka kweli.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, hakuona la kuchekesha. Alisema lori limemkataa, kwamba gari humjua mwenyewe, na mguu wa mwanamke hauna uzito wa kulitawala. Alikuwa amekwisha kupata mnunuzi, naye angemleta Jumamosi. Lori likienda, Bi Rivasi angerudi kwenye vifungo, mgonjwa na watoto wote wakiningʼinia kwenye sindano moja.

Gereji ile ilikuwa ya fundi mmoja mnene na mpole, tuliyemwita Polepole. Naye alikuwa amejaribu. Alibadilisha plagi, akabadilisha platini, akapuliza chujio la petroli kwa mdomo mpaka macho yakamtoka. Kila akimaliza alilizungusha mwenyewe nyuma ya gereji, akikanyaga taratibu kwa jinsi alivyoumbwa, na lori likaenda kama maji. Akimkabidhi mama, kikohozi kinarudi. Nadhani hata yeye alikuwa ameanza kuamini ile habari ya mguu, ila aliona haya kuisema.

Ijumaa ile Bi Rivasi hakumpa ufunguo. Alimwambia apande, waende wote mlimani, na mimi akanipungia mkono niache nyundo niende nao. Tukabanana watatu mbele, Polepole katikati, tumbo lake likigombana na gia. Nusu ya mlima akasimamisha, kisha akakanyaga mafuta. Likakohoa, likazima.

"Umeona?" akasema. "Kwa baba watoto halikuwa hivi."

"Yeye alikuwa anafanyaje?"

"Alikuwa anaendesha tu, fundi. Ningejua anafanyaje ningekuwa hapa nabanana na wewe?"

Polepole akafikiri. Akamwomba asieleze kitu, akae tu kama mumewe alivyokuwa akikaa. Bi Rivasi akateremka kidogo kwenye kiti, akalegeza bega, akawa mumewe kabisa, mpaka mimi nikatazama nje. Mkono wa kulia juu ya usukani. Wa kushoto ukaenda mbele wenyewe, vidole viwili vikashika kitufe cha choki, kile kinachovutwa asubuhi injini ikiwa baridi.

"Hivi. Siku zote hivi," akasema. "Tumegombana miaka juu ya mkono huu. Namwambia shika usukani kwa mikono yote, umebeba watu. Ananiambia mkono unapumzika."

"Hebu washa," Polepole akasema. "Kisha vuta kidogo hapo huku unakanyaga."

Akavuta. Lori likaondoka na mlima bila kikohozi hata kimoja. Kule juu Bi Rivasi akazima injini, akajifuta macho kwa mkono wa gauni, akatuambia vumbi la njia hii limezidi.

Polepole alinieleza jambo lenyewe tulipokuwa tukirudi, nami nalieleza kama nilivyolishika. Choki huziba hewa, kwa hiyo injini hunyonya petroli zaidi. Kama petroli ya ziada ndiyo iliyoliponya lori, basi ugonjwa wake ni kwamba likikanyagwa ghafla hukosa petroli. Tulipofika gereji, injini imezimwa, akafungua chujio la hewa, akachungulia koo la kabureta, akavuta kwa kidole mkono wa mafuta, ule unaovutika mtu akikanyaga. Akasema unapokanyaga, hewa huwahi na petroli huchelewa, ndiyo maana kuna kipampu kidogo cha kuitema mle ndani, mstari mwembamba kama mate. Akavuta tena. Pakavu.

Alipokifungua kile kipampu, alitoa kikombe kidogo cha ngozi kilichosinyaa na kukakamaa. Hapo nami nikawa na la kusema, maana ngozi naijua. Nikakata kipande laini kwenye mkoba wa zamani, nikakichonga kwa mfano wa kile, tukakiloweka kwenye oili mpaka asubuhi. Jumamosi Polepole akakifunga, akavuta. Petroli ikaruka.

Mnunuzi alikuwa amekwisha kuketi uani kwa Bi Rivasi wakati lori likipanda kile kilima cha nyumbani. Bi Rivasi akalisimamisha katikati makusudi, likaondoka tena, laini. Mtu yule akalipenda zaidi ya alivyotarajia, akasema atalichukua leo leo. Bi Rivasi akamwomba shemeji yake, kwa heshima zote, ampe mgeni maji ya kunywa, kwa kuwa jua limempiga bure.

"Na ule mguu?" shemeji akauliza.

"Mguu ni ule ule, shemeji. Kilichokuwa kikiumwa ni kipampu."

Aliliendesha lile lori mpaka watoto wake wote wakamaliza shule.

Jioni ile niliingia kumsalimu rafiki yangu. Kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha, kwa hiyo alikuwa amelisikia likipanda. Nikamsimulia yote, nikamwonyesha ile ngozi kavu. Mkono wake wa kushoto, ulio mzima, ukaichukua ukaigeuza huku na huku. Miaka yote ile alikuwa akilitibu lori kwa vidole viwili, mlima hadi mlima, bila kumwambia fundi. Na ingawa alimfundisha mkewe mengi, hilo hakumfundisha. Nilimuuliza siku ile, nikamuuliza tena siku nyingine, akanitazama tu kwa yale macho yake ya upole. Miaka mingi baadaye, alipokwisha kumzika mumewe, nilimuuliza Bi Rivasi. Alikata uzi kwa meno, akaendelea kushona. Sasa naye hayupo, na mimi bado nauliza: ulijua lori linaumwa, ndugu yangu, au ulidhani ndivyo malori yote yalivyo?