Mpaka Uliopinda

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Nikinunua sukari dukani napima tena nyumbani. Mtu akinisalimu kwa uchangamfu wa kupita kiasi, najiuliza anataka nini. Ikiwa sikuzaliwa hivyo basi nililelewa hivyo, maana mama yangu ndiye aliyenifundisha kwamba swali la "umetoka wapi" halijibiwi.

Kijijini kwetu, upande wa bahari kuu wa kisiwa cha Pate, wanawake huvua pweza kwa miguu. Bamvua likifika, zile siku za kila nusu mwezi bahari inapokupwa mbali, maji yakakauka kiasi cha saa nne asubuhi, hushuka mwambani na beseni na mkonjo, ule mti mrefu wenye ncha. Kila mmoja ana mapango yake, yaani mashimo anamokaa pweza, na aliyaonyeshwa na mama yake bila kuambiwa neno. Ukimtoa pweza pangoni leo, baada ya siku chache huingia mwingine. Kwa hiyo mwanamke mwenye mapango kumi anayoyajua peke yake ana shamba, ila shamba hilo halina ua wala hati. Usalama wake ni kunyamaza.

Ndiyo maana ukimuuliza mwanamke wa kwetu amevua wapi, atakujibu, "Kule nde." Nde ni nje, yaani Mwamba wa Nde, ule wa mbali unaopigwa na mawimbi, mwendo wa saa nzima kwenda. Huenda hajaukanyaga tangu aolewe. Hakuna anayeuita huo uongo. Ni jibu la adabu, la kujikinga na jicho la watu, na anayeuliza mara ya pili ndiye asiye na adabu.

Mimi nilipewa kazi ya kuuliza.

Ilianza na mtaalamu wa uvuvi kutoka Mokowe, kijana wa bara, mpole, aliyebeba kompyuta kwenye mfuko usioingia maji. Alituambia kwamba bahari imepata joto, matumbawe yamechoka, na pweza wanavuliwa kabla hawajakua. Alisema kompyuta ikilishwa hesabu za kutosha itatengeneza mfano wa miamba yetu, ituonyeshe sehemu gani ipumzishwe. Tungeifunga miezi minne, tungeangalia imekuwaje, kisha tungebadilisha mpango kulingana na tulichokiona. Tukikosea tutarekebisha, alisema, na papo hapo nikamshuku. Sijawahi kuona fundi anayekuambia kabla ya kuanza kwamba ukuta huenda ukapinda.

Wala sikuwa peke yangu. Ramani nyingi zimepita visiwani kwetu, na watu wamezoea kuona kila ramani ikiondoka na kitu. Wazee walimuuliza mwamba ukifungwa unafungwa kwa faida ya nani. Akaapa kwamba hakuna hoteli wala mwekezaji. Wakanyamaza, lakini si kwa kuamini.

Kamati ya pwani ilinichagua karani kwa sababu nimemaliza kidato cha nne na kwa sababu, nadhani, walijua sidanganyiki kirahisi. Nilikaa chini ya banda la makuti na mizani na daftari. Niliandika nani, saa ngapi ametoka na kurudi, pweza wangapi, uzito gani, na mwisho kabisa, wapi.

Wa kwanza kupita alikuwa mama yangu. Alifunua leso juu ya beseni, nikahesabu pweza watano wanene. Nikamuuliza wapi, na uso ukanichoma kwa aibu.

"Nde," alisema, akiangalia pembeni.

Magoti ya mama hayafiki msikitini kwetu bila kupumzika njiani, na alikuwa amekwenda na kurudi kwa muda ambao mwingine angeutumia kwenda tu. Nilijua alikuwa Mwamba wa Ndani, huu wa karibu, kando ya jiwe lililochongoka. Niliwahi kumfuata kwa siri nikiwa na miaka minane, nikachapwa. Niliandika Nde. Waliomfuata nao wakasema Nde, nami nikawaandikia wote Nde, bamvua baada ya bamvua. Nilijiona mjanja sana. Niliamini ninailinda bahari yetu na macho ya mgeni.

Daftari lilipojaa, mtaalamu alituita darasani shuleni akatuonyesha ramani ukutani. Mwamba wa Nde ulikuwa kijani. Mwamba wa Ndani ulikuwa mwekundu wote. Alieleza kwa huzuni kwamba kulingana na hesabu zetu, mwamba wa karibu umekufa kabisa, hakuna anayeambulia kitu, hivyo huo ndio upumzishwe. Wa mbali una pweza tele, tuendelee huko.

Niligeuka kuwatazama wanawake waliokaa nyuma. Kila mmoja alikuwa anautazama mkeka. Nani angesimama kupinga? Angepinga angelazimika kusema kwamba alisema uongo, kisha aseme anavua wapi. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno, hapakuwa na neno, akasoma Fatiha. Siku ya tatu miti yenye vitambaa vyekundu ikasimikwa Mwamba wa Ndani.

Mama alikuwa ameshasema lake siku ile ile ya mkutano, tulipofika nyumbani.

"Watu hawa wautaka mwamba wetu tangu zamani," alisema. "Na wewe ndiwe ulowaandikia."

Nikamjibu kwamba niliandika alichokisema mwenyewe. Akaniangalia kama karani wa serikali aliyekuja kumhesabu kuku.

Bamvua lililofuata alikwenda Nde kweli. Maji yalipoanza kujaa wenzake walirudi mmoja mmoja, yeye sikumwona. Nilikimbia nikamkuta katikati ya mkondo unaotenganisha miamba miwili, maji yamefika kifuani, anajiegemeza kwenye mkonjo. Goti lilikuwa limechanwa na matumbawe na beseni lilikuwa limekwenda na maji. Nilimbeba mgongoni. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na hilo lilinitisha kuliko maji yenyewe. Nikimfunga kidonda aliniambia kwamba atarudi tena bamvua likija, kwa sababu hajawa mtu wa kungoja kulishwa. Ninamjua mama yangu. Angerudi, na siku moja nisingewahi.

Wiki hiyo hiyo mtaalamu alikuja bandani peke yake, daftari langu mkononi. Alikuwa ametembea mwenyewe mpaka Mwamba wa Nde na saa yake, kisha akalinganisha na saa nilizoziandika. Kwa hesabu yangu, alisema kwa upole uliokera, bibi wa miaka sabini huenda na kurudi haraka kuliko yeye. Akaniuliza kama daftari ninalijaza kitandani. Nilipandwa na hasira. Miezi yote hiyo nilikuwa nikimshuku yeye mwizi wa mwamba, kumbe naye ananishuku mimi mwizi wa kazi.

"Dada, niambie tu ukweli," alisema. "Kompyuta haijui kushuku kama sisi. Inameza inacholishwa."

Nilimwomba siku moja. Jioni nikamweleza mama kwamba nataka kusema. Nikamkumbusha kuwa mficha uchi hazai. Alinijibu kwamba yeye ameshazaa, na alichokizaa ndicho hiki kilichokaa mbele yake kutaka kumvua nguo hadharani.

Asubuhi nilipanda boti mpaka Mokowe. Nilimwambia mtaalamu yote: kwamba jibu la Nde ni heshima na si mahali, kwamba mwamba aliouita hai karibu hakuna anayeuendea, na ule aliouita maiti ndio unaotulisha. Nilingoja akasirike. Alishika kichwa kwa mikono miwili, kisha akacheka, na mimi nikashuku hata kile kicheko. Alisema hii ndiyo sababu ya kupanga kurekebisha. Tutaifungua nusu ya Mwamba wa Ndani kwa wanaovua kwa miguu, nusu tuipumzishe, halafu tubadilishane. Akanisukumia karatasi na penseli nimwonyeshe mpaka upite wapi.

Mapango ya mtu sikuyataja, na nilimwambia asiniulize. Niliuchora mpaka ukiwa umenyooka, lakini kwa kunyooka ungemnyang'anya mama upande wa jiwe lililochongoka. Nilipofika hapo nikaupinda, nikauzungusha nyuma ya jiwe, kisha nikaunyoosha tena. Mtaalamu alipatazama pale ulipopinda, akaikunja karatasi.

Darasani, mkutano wa pili, nilisimama nikasema karani ndiye aliyekosea, alichanganya miamba. Watu waliguna. Mzee mmoja aliuliza elimu yangu ilikuwa ya nini. Nilivumilia, nikijiambia kwamba hakuna mwanamke aliyeaibishwa, na kwamba mama yangu ana mwamba wake. Kisha ramani mpya ikaja ukutani.

Mpaka ulikuwa umenyooka kutoka mwanzo mpaka mwisho, isipokuwa pale penye jiwe. Kwa nini upinde pale? Hakuna aliyeuliza, maana kwetu hatuulizi. Niliona tu buibui za wanawake kule nyuma zikigeuka moja baada ya nyingine, macho yakitoka ukutani na kwenda kwa mama yangu, kisha kwangu, kisha ukutani tena. Miaka arobaini alikuwa akipita njia ya mzunguko asionekane anakoelekea, na mimi nilikuwa nimempigia mstari.

Mtaalamu anasema mfano wake sasa unakaribiana na bahari yenyewe, na kwamba pweza wa nusu iliyopumzishwa wameanza kunenepa. Naamini. Wanawake nao wamezidi kunitajia mahali, ingawa bado napima saa zao.

Bamvua la kwanza baada ya mkutano ule, mama alipofika kwenye jiwe aliwakuta wenzake watano wameshatangulia, mikonjo imo mapangoni mwake. Hakugombana nao. Alirudi mapema, akapanga foleni kama wengine, na zamu yake ilipofika akaweka beseni mezani. Lilikuwa na pweza mmoja, mdogo. Nilimpima. Niliandika saa. Mkono wangu ulipofika mahali pa mwisho nilinyamaza, nikitumaini atapita zake.

"Uliza," alisema.

Nikamuuliza wapi.

"Andika Ndani, Bi Karani, kwenye jiwe. Sasa yuko nani asoyua?"

Niliandika, maana kweli hakuna asiyejua. Nilipoinua uso kumwita Mama, alikuwa ameshafunika beseni kwa leso na kunipa mgongo.