Daftari Lenye Mkono Mmoja

Ipo siku moja ya mwaka 2013, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka masikio yananiwaka moto. Nilisimama sebuleni kwa baba mkubwa Ntibalizi, kule Kitahana, daftari mkononi, nikawasomea wazee wa ukoo makosa ya mama yako. Nilitaka waamue arudi kwao. Wewe ulikuwa mdogo, hukuambiwa. Nakuambia sasa kwa sababu wiki iliyopita ulikuja kutoka Kasulu na simu iliyojaa picha za meseji za mkeo, ukataka niite kikao. Kaa kwanza. Wazee wapo, hawakimbii.

Wakati ule nilikuwa seremala hapa Kibondo mjini, na karakana yangu ilitazamana na duka la Shabani, fundi cherehani. Asili yake Tanga. Mpole, mtanashati, Kiswahili chake kimenyooka kama suruali alizopiga pasi. Mimi Muha wa watu, nikiongea naye naona ulimi wangu mzito. Kwa hilo tu nilikuwa sijampenda. Kisha akamshonea mama yako gauni la kitenge. Lilimkaa hilo gauni! Watu wakamsifu njiani, naye akatabasamu, na mimi nikawaza jambo moja tu: ile futi ya kupimia ilizunguka kiuno cha mke wangu mara ngapi? Cheka ukitaka. Mimi sikucheka.

Mama yako alikuwa mhudumu wa afya wa jamii, wale wanaopita nyumba kwa nyumba. Nikaanza kuona kwamba kila siku, kwenye saa kumi na moja jioni, anaingia kwa Shabani. Mlango unarudishwa. Dakika kumi, anatoka. Nikimuuliza, ananijibu, "Ni kazi." Kazi gani hiyo ya kufungiwa mlango?

Miezi hiyo nilikuwa natengeneza madawati ya shule moja ya sekondari, na mwalimu wa Kiingereza, mgeni kutoka Mbeya, alizoea kukaa karibu yangu akinisimulia riwaya ya kizamani ya Wazungu, ya kutisha kwelikweli. Jumba la mawe mlimani, mwenye jumba ni mumiani, anafyonza damu za watu na hakuna anayesadiki. Wachache wanaomwinda wanategemea madaftari yao. Kila mmoja anaandika alichokiona, siku hiyohiyo. Halafu mwanamke mmoja anakusanya maandishi yote, anayapanga kwa tarehe, na kila mtu anasoma ya mwenzake. Yumo na kijana aliyeponea chupuchupu kwenye lile jumba, akadhani amerukwa na akili, mpaka daktari mmoja mzee aliposoma daftari lake na kumhakikishia kwamba hakuota.

"Kuandika peke yake kusingewaokoa, fundi," mwalimu aliniambia. "Kilichowaokoa ni kusomeana. Mtu na daftari lake, wawili tu, anaweza kujidanganya mpaka anazeeka."

Mimi nilisikia habari ya kuandika tu. Jioni ileile nikanunua daftari.

Nikaanza. Jumatatu: kaingia, mlango umefungwa. Jumanne: kaingia, kavaa lile gauni. Ijumaa moja nikaandika hivi: katoka, kaziba mdomo kwa kitenge, mabega yanatikisika, anacheka, ananicheka mimi. Mstari huo niliukolezea wino mara mbili. Siku nyingine kazi zikinizidi, nasubiri Jumapili baada ya misa, nakaa najazia wiki nzima kutoka kichwani, na kichwa chenyewe kimejaa wivu. Sikuona ubaya wowote. Baada ya miezi minne nilikuwa na daftari zima la ushahidi, na shahidi wa kila mstari alikuwa mimi.

Siku ya kikao nilisoma kwa sauti ya hakimu. Mama yako alikaa mkekani, ameukumbatia mkoba wake wa kazi. Baba mkubwa akamgeukia.

"Mwana wanje, binti yangu, mle dukani unaingia kufanya nini?"

"Siwezi kusema, baba."

"Humo mkobani si una daftari lako la kazi? Litoe basi, tuone."

"Lina mambo ya watu, baba. Kama ni kunifukuza, nifukuzeni."

Nilishangilia moyoni, Mungu anisamehe. Nilijua amekwisha kukiri.

Baba mkubwa akaomba daftari langu. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari, kikafika mahali kikasimama.

"Hapa umeandika kwamba Jumatano ile ya mvua ya mawe aliingia kwa fundi. Ulimwona?"

"Nilimwona, baba."

"Jumatano ile alikuwa hapa kwangu. Tulikuwa tunapalilia maharage, mvua ikatukimbiza, akalala hapa. Wewe mwenyewe ulipiga simu kumuulizia." Akanitazama. "Hii uliandika lini?"

"Jumapili."

"Na nani mwingine amelisoma daftari hili kabla hujatuletea sisi?"

Hapo pikipiki ikasimama uani, akashuka Shabani. Habari za kikao zilikuwa zimemfikia sokoni. Alikuwa amekonda mno, na ndiyo kwanza naliona hilo, maana miezi yote ile nilikuwa nautazama mlango wake tu. Akaamkia wazee, "Mwidiwe," kwa Kiha chake kibovu, akatoa kadi mfukoni.

"Wazee wangu, mimi naumwa kifua kikuu. Dada Sikola huyu ndiye aliyepangwa anione nikimeza dawa kila siku, kwa miezi sita. Nilimwomba asimwambie mtu, hata mumewe, nikihofia wateja. Dada, fungua daftari lako. Ruhusa nimetoa mwenyewe."

Ndipo mama yako alipolifungua. Kila tarehe ina saa yake, alama yake na sahihi ya Shabani. Jumatano ile ya mvua ya mawe ilikuwa na maelezo: mgonjwa alimeza asubuhi, kabla mhudumu hajasafiri. Kurasa nyingine zilijaa alama za dole gumba za bibi zetu wasiojua kusoma, kila mmoja akithibitisha kwamba alitembelewa. Lile lilikuwa daftari lenye mikono ya watu wengi. Langu lilikuwa na mkono mmoja.

Nilipiga magoti. Mama yako alinisamehe, ila si siku hiyo, wala mwezi huo. Aliyeumia zaidi ni Shabani. Miongoni mwa wazee wa kikao alikuwemo mwenye mdomo, na haukupita muda watu wakaanza kupeleka vitambaa vyao kwa fundi mwingine, ingawa mama yako aliwaeleza hadi akachoka kwamba aliyemeza dawa vizuri kiasi kile hamwambukizi mtu. Alimaliza dozi, akapona, akahamishia cherehani yake Kasulu. Mwaka uliofuata nilimfuata huko kumwomba radhi. Akaninunulia chai, akanipima suruali. Futi ileile ikazunguka kiuno changu, mwanangu, nikaona aibu mpaka jasho likanitoka. Ndiyo suruali niliyoivaa harusini kwako.

Basi sikia. Ukiandika jambo, liandike siku hiyohiyo, na uandike ulichokiona. Unachokidhania kiache nje ya daftari. Kisha, kabla hujalipeleka kwa yeyote, mpe alisome yule uliyemwandika, kwa kuwa yeye ndiye anayejua ulichokikosa. Hizo picha za simuni umezisoma peke yako. Rudi Kasulu, mkabidhi mkeo simu, mwulize, unyamaze, umsikilize.

Nami sitaki kukuhubiria nisichokifanya. Maneno haya niliyaandika kwanza, nikamsomea mama yako jana, nikamwomba anisahihishe. Akasema pale penye msamaha niandike mwaka mzima. Halafu akaongeza, "Na ile Ijumaa sikuwa nacheka. Shabani alikuwa amekohoa damu mbele yangu. Nilitoka nalia."

Miaka yote hii, mwanangu, ndani ya kichwa changu alikuwa bado anacheka.

Mungu akupe macho yanayoona, na mtu wa kukwambia pale yanapokosea. Ailinde nyumba yako, na mkeo azeeke humo akiwa na amani. Amina.